Sura ya 5: Nitikise Mara Ngapi?

Swali hili huja kabla ya mengine yote. Mtu amerithi kamera ya babu yake, amenunua mkanda mmoja wa nyeusi na nyeupe kwa bei iliyomuuma, amepiga picha zake 36 kuanzia soko la Lushoto mpaka jabali la Irente, na sasa anataka kuusafisha mwenyewe nyumbani. Dawa anazo. Kopo analo, lile jeusi lenye mfuniko usiopitisha mwanga. Usiku ameuzungushia mkanda kwenye kigurudumu chake chini ya mablanketi mawili, kama tulivyoelezana katika sura iliyopita. Kisha anauliza: nitikise mara ngapi, na kwa nguvu kiasi gani?

Jibu fupi lipo. Pindua kopo mara 4 ndani ya sekunde 10 za kwanza, halafu mara 4 ndani ya sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika inayofuata. Ndivyo wanavyoshauri Ilford, watengenezaji wa mikanda wa Uingereza. Kodak wa Marekani hushauri kila baada ya sekunde 30, kwa sekunde 5. Njia zote mbili hutoa picha nzuri.

Lakini mtu akipewa namba bila kuelezwa kazi yake, siku picha zitakapoharibika hatajua pa kushika. Mimi ziliniharibikia mara mbili mfululizo, kwa makosa yaliyopingana. Nitayaeleza yote mawili, kwa sababu karibu kila anayeanza huangukia mojawapo.

Miti iliyoota moshi

Mkanda wangu wa kwanza niliupiga Irente asubuhi: mbele yangu mikaratusi mirefu na myeusi, nyuma yake anga jeupe linaloshuka mpaka tambarare za Mazinde. Nilimimina dawa, nikalizungusha kopo kidogo, nikaliweka mezani na kulisubiri kama mtu anayesubiri wali uive. Niliamini dawa ni dawa, itafanya kazi yake yenyewe.

Picha zilipotoka, juu ya kila mti palikuwa na mstari mweupe unaopanda angani, wima, kama mti umefuka moshi. Nilidhani kamera ina tundu. Haikuwa na tundu.

Kuelewa kilichotokea, tuangalie mkanda wenyewe. Ni plastiki nyembamba iliyopakwa utando wa jelatini, yaani ute unaotokana na mifupa na ngozi za wanyama, wa aina ileile inayogandisha peremende laini. Ndani ya ute huo zimetawanyika chembe ndogo mno za chumvi za fedha, fedha kwa maana ya madini, ile ya bangili na mikufu. Mwanga ukizigusa, huziachia alama isiyoonekana kwa macho. Kazi ya divelopa, dawa ya kwanza ambayo ndiyo huibua picha, ni kuzitafuta chembe zenye alama na kuzigeuza ziwe fedha halisi, nyeusi. Palipopigwa na mwanga mwingi, kama anga, pataiva peusi ti. Palipokuwa na kivuli patabaki wazi. Picha hiyo iliyogeuzwa, nyeupe ikawa nyeusi na nyeusi ikawa nyeupe, ndiyo negativu.

Kila chembe inayogeuzwa huichosha dawa iliyoigusa. Pia hutoa taka inayoitwa bromaidi, na taka hiyo hupunguza kasi ya dawa iliyo jirani. Baada ya muda mfupi, mbele ya sehemu zenye anga hulala tabaka la dawa iliyochoka, wakati mbele ya sehemu zenye kivuli dawa bado ina nguvu zake zote, maana haikupewa kazi.

Aliyekaa Soni au Magamba ameuona ukungu wa Julai unavyolala bondeni asubuhi. Haung'oki mpaka upepo upite. Tabaka la dawa iliyochoka hulala juu ya mkanda vivyo hivyo, na upepo wake ni mkono wako.

Nami sikuwa nimeuleta upepo huo. Dawa iliyojaa bromaidi ni nzito zaidi, kwa hiyo huteremka polepole ikipita juu ya mkanda na kuzizuia sehemu za chini yake zisiive. Ndani ya kopo langu picha zilikuwa zimesimama kichwa chini, miti juu na anga chini. Chini ya anga lenyewe iliteremka dawa iliyochoka. Chini ya kila mti iliteremka dawa mbichi, yenye nguvu, na pale ilipopita anga likaiva kupita kiasi. Kuiva kupita kiasi kwenye negativu ni weupe kwenye picha. Ndio ule moshi.

Kwa kifupi: kutikisa ni kuiondoa dawa iliyochoka juu ya mkanda na kuileta iliyo mbichi mahali pake, kila mahali kwa kipimo kimoja.

Chupa ya dawa ya kikohozi

Mkanda wa pili nilikwenda upande wa pili. Neno lenyewe, kutikisa, lilinipotosha. Tumelisoma tangu utoto kwenye chupa za dawa: tikisa kabla ya kutumia. Nililitikisa kopo kama chupa ya dawa ya kikohozi, kwa nguvu na bila kupumzika, dakika zote.

Safari hii hapakuwa na moshi. Palikuwa na michirizi mifupi myeupe kwenye kingo za juu na chini za kila picha, imepangana sawasawa na yale matundu ya pembeni yanayovutwa na meno ya kamera. Tena palikuwa na vidoa vyeusi vya duara, vidogo kama punje za ulezi, kwenye mashavu ya watu.

Michirizi hutokea hivi. Dawa ikisukumwa kwa nguvu hupita kwenye matundu kama maji ya mto yanavyopita kati ya mawe, kwa kasi kuliko pembeni yake. Kila penye kasi hiyo mkanda hupata dawa mbichi zaidi na kuiva zaidi. Vidoa ni kazi ya povu. Kipovu cha hewa kikinata kwenye mkanda, chini yake dawa haifiki, panabaki wazi kwenye negativu na peusi kwenye picha. Kidoa cha namna hiyo hakisafishiki tena.

Kuna hasara ya tatu, ambayo haionekani kama doa. Kutikisa mfululizo huziivisha sana sehemu zenye mwanga, na kontrasti, yaani tofauti kati ya weupe na weusi wa picha, hupanda kuliko ulivyokusudia. Nyuso zinakuwa chokaa, makoti yanakuwa makaa.

Kwa hiyo ukilisikia neno kutikisa katika sura hii, sahau chupa. Fikiria mtu anayepindua kibuyu cha maziwa taratibu ili mtindi uchanganyike bila kukatika.

Mikono ifanye nini

Hivi ndivyo ninavyofanya sasa, na sijapata moshi wala michirizi tangu nilipoanza.

1. Mimina divelopa yote bila kusita, kopo likiwa limeinama kidogo ili hewa ipate pa kutokea. Anza kuhesabu muda unapomaliza kumimina.
2. Funga mfuniko. Pindua kopo lote kichwa chini, ngoja usikie dawa imeshuka, rudisha. Hiyo ni mara moja. Fanya mara 4 ndani ya sekunde 10.
3. Kila unapopindua, zungusha kifundo cha mkono kidogo ili kopo lirudi likiwa limegeuka robo mzunguko. Ukipindua kwa mhimili mmoja tu, dawa hujifunza njia moja, kama maji ya mvua yanavyochimba mfereji uleule shambani.
4. Ukimaliza kila awamu, gonga kitako cha kopo mezani mara 2 au 3, kwa nguvu ya kumgongea jirani mlango. Povu litabanduka.
5. Weka chini. Usilishike mpaka dakika inayofuata, kwa sababu joto la kiganja nalo hupasha dawa.

Awamu ya kwanza ndiyo isiyosamehe. Jelatini kavu inapokutana na dawa hunywa kwa pupa, na sehemu itakayotangulia kunywa ndiyo itakayotangulia kuiva. Ukichelewa sekunde 30 kupindua mwanzoni, huwezi kufidia dakika ya tano.

Wako wanaotumia kopo lenye kijiti cha kuzungushia kigurudumu kwa juu. Kijiti kinafaa kwa mizunguko ya mwanzo, lakini kuzungusha kwa upande mmoja mfululizo huifanya dawa izunguke pamoja na mkanda, na vitu viwili vinavyokwenda pamoja havibadilishani chochote. Ukilazimika kukitumia, zungusha kulia kisha kushoto, bila mpangilio mmoja.

Walioona, na sisi tunaohesabu

Utajiuliza wazee wa kazi hii waliwezaje bila saa za simu. Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal, wakati wa Wajerumani, picha za nchi hii zilipigwa kwa mabamba ya kioo. Mmoja wa wapiga picha wa enzi hiyo ni Walther Dobbertin, aliyefika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1903 na kuishi kwa kazi ya picha mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia ilipomkuta huku. Mkusanyiko wake umehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho ya Ujerumani.

Bamba la kioo lilisafishwa kwenye sinia, na kutikisa kulikuwa kuinua pembe moja ya sinia, kuishusha, kisha kuinua nyingine. Mabamba mengi ya wakati huo hayakuathiriwa na mwanga mwekundu. Fundi aliwasha taa nyekundu, akainama, akaitazama picha ikiibuka mbele ya macho yake. Akiona upande mmoja umebaki nyuma, aliinamisha sinia kuelekea upande huo. Alirekebisha kwa jicho.

Mkanda wa kawaida wa leo unaona rangi zote, nyekundu pamoja nayo, kwa hiyo ni lazima ukae gizani mpaka mwisho. Hatuoni kinachotokea ndani ya kopo. Utaratibu wa kuhesabu umechukua nafasi ya jicho, na ndiyo sababu ninausisitiza hivi. Kosa alilolirekebisha fundi wa sinia papo hapo, sisi hulikuta mkanda ukishakauka.

Mombo na Lushoto, dawa ileile

Sasa nije kwenye neema ambayo watu wa milimani wengi hawajui kuwa wanayo.

Divelopa za nyeusi na nyeupe zimepimwa kwa nyuzijoto 20 za Selsiasi. Chukua mfano wa mkanda wa Ilford HP5 Plus ndani ya dawa ya ID-11 isiyozimuliwa: kwa nyuzi 20, muda ni dakika 7 na nusu. Kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza muda kwa karibu asilimia 10. Kwa nyuzi 24 unabaki na kama dakika 5. Kwa nyuzi 28, dakika 3 na kitu.

Maji ya bomba ya Tanga au Dar es Salaam mara nyingi yana nyuzi 27 na zaidi. Studio za pwani, kama Capital Art ya Mji Mkongwe wa Zanzibar iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilifanya kazi zao katika joto hilo. Panda sasa kutoka Mombo kilomita 33 za kona mpaka Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yaliyokaa ndani ya nyumba usiku kucha, kwa miezi mingi ya mwaka, yanakaribia nyuzi 20 bila barafu wala jokofu. Kwa kazi hii, Lushoto ni chumba cha dawa kilichokwisha kupozwa.

Joto linahusianaje na kutikisa? Hesabu mwenyewe. Katika dakika 7 na nusu utapindua kopo awamu 8. Ukikosea moja, saba zitaifunika. Katika dakika 3 na kitu utapata awamu 4 tu, na kosa moja ni robo ya kazi yote. Ndiyo sababu mafundi hushauri muda usishuke chini ya dakika 5. Anayesafishia kwenye joto la Mombo aipoze dawa kwa beseni lenye barafu, au aizimue kwa maji sawa kwa sawa ili muda urefuke. HP5 Plus katika ID-11 iliyozimuliwa hivyo huhitaji dakika 13 kwa nyuzi 20.

Baridi nayo ina mpaka wake. Usiku wa Julai maji ya Magamba huweza kuteremka mno. Kwa nyuzi 16 dakika 7 na nusu huwa karibu 11, hilo halina shida. Lakini chini ya nyuzi 13 hivi kemikali mojawapo ndani ya dawa, haidrokwinoni, hulala kabisa, na hapo hata ukitikisa mpaka alfajiri hutapata picha kamili. Likalishe kopo ndani ya beseni la maji ya vuguvugu uliyoyapima kwa kipimajoto. Usikisie kwa kidole.

Kwa kifupi: pima joto kwanza, panga muda wa zaidi ya dakika 5, kisha ndipo uanze kuhesabu mipinduo.

Kutikisa kidogo ili kuokoa mawingu

Anayejua sheria hii vizuri anaweza kuitumia kwa faida yake, na hakuna mahali inapofaa kuliko milima hii ya Usambara.

Simama kwenye njia ya msitu wa Magamba ukungu unapoanza kupasuka. Mbele yako pana weupe unaoumiza macho, na miguuni pana mizizi na majani meusi. Ukisafisha kwa kawaida, mawingu yatakuwa karatasi tupu. Ukipunguza muda ili kuyaokoa, mizizi inapotea.

Sasa kumbuka lile tabaka la dawa iliyochoka. Huwa zito mbele ya mawingu na jepesi mbele ya mizizi. Ukitikisa mara chache zaidi, tuseme kila baada ya dakika 2 badala ya kila dakika, na dawa ukaizimua, tabaka hilo litayapunguzia mawingu kasi yenyewe huku mizizi ikiendelea kuiva. Kilichoniharibia mkanda wa kwanza ndicho kinachokuokoa hapa, mradi ukishike kwa kipimo.

Wapo wanaofika mbali zaidi. Huizimua Rodinal, dawa iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1891, sehemu 1 kwa maji sehemu 100, hutikisa mwanzoni tu, kisha huliacha kopo saa nzima. Matokeo yake huweza kupendeza sana, na huweza kuleta ule moshi wa miti. Siwashauri wanaoanza. Mkanda ni ghali, na picha ya harusi ya dada yako hairudiwi.

Dawa ya pili na maji ya ndoo

Watu hutikisa kwa bidii kwenye divelopa, kisha wakifika kwenye fiksa hukaa chini kunywa chai. Fiksa ni dawa inayoyeyusha chumvi za fedha ambazo hazikutumika, ili picha isigeuke ikiona mwanga. Nayo huchoka, nayo huhitaji upepo. Tikisa kwa mwendo uleule, kila dakika. Mkanda unaotoka na utando wa kijivu kama maziwa haukushiba fiksa. Mara nyingi urudishe tu, utikise, utasafika.

Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake na ni sumu kwa viumbe wa majini. Vijito vya milima hii vinanywewa na watu wa bondeni. Usiimwage kijitoni wala karibu na kisima. Itie kwenye dumu lenye alama na uitunze mbali na watoto.

Mwisho ni kusuuza. Vitabu vingi husema acha maji ya bomba yatiririke nusu saa. Vijiji vingi vya huku maji huja kwa ndoo kichwani, na ushauri huo hauna maana. Ipo njia ya Ilford inayotumia maji ya makopo matatu tu, kwa fiksa isiyogandisha utando:

- Jaza maji, pindua mara 5, mwaga.
- Jaza tena, pindua mara 10, mwaga.
- Jaza mara ya tatu, pindua mara 20, mwaga.

Hakikisha maji hayo yanakaribia joto la dawa, maana badiliko la ghafla hukunjakunja jelatini kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Hapo mkono umefanya kazi ya bomba. Chai yenye sukari iliyolala chini ya kikombe hukolea kwa kijiko, si kwa kuongezewa maji.

Daftari

Kabla hujasafisha mkanda wako wa pili, nunua daftari la shule. Andika joto la dawa, muda, umepindua mara ngapi kila awamu, na umepumzika muda gani kati ya awamu. Namba za Ilford na za Kodak ni mahali pa kuanzia tu. Mkono wako una kasi yake, na kasi hiyo ndiyo utakayoirudia. Picha zikitoka na weupe uliozidi, punguza mpinduo mmoja kwa kila awamu na uandike. Zikitoka zimefifia, ongeza muda kwanza, uache mipinduo ilivyo. Usibadilishe mambo mawili kwa mkanda mmoja, kwa sababu hutajua lipi lililokusaidia. Mkanda wa tatu, fungua ukurasa wa pili, na upindue kama ulivyoandika.